Bulon ya Nane

Barua hizi tuliandikiana mimi na mdogo wangu Lwamba. Mimi naishi Kasongo, ambako nina sekretariati ndogo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, karibu na soko: nachapa, natoa fotokopi, nalaminisha vitambulisho vya watu. Yeye yuko Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, ingawa hachimbi. Mnara wa simu wa kwao ulikuwa umekufa, basi tukarudi kwenye karatasi. Karatasi zilisafiri mfukoni mwa Ismaël, motari anayekwenda na kurudi kwa pikipiki yake na mizigo ya wafanyabiashara.

Msomaji ajue jambo moja ambalo Lwamba hakulijua. Nilikuwa na mimba. Nilikuwa nimepoteza mbili kabla ya hiyo, na zote mbili zilitoka zikiwa za miezi sita. Mkunga, Mama Léocadie, aliniambia naweza kuendelea na kazi, ila si juu ya kile kiti changu cha mbao kisicho na mgongo. Na kwetu mimba haitangazwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Mtu anaona mwenyewe, au anasubiri.

Dieudonnée


Kasongo, 12 Novemba 2023

Mdogo wangu Lwamba,

Pokea salamu kutoka kwetu sote watatu: mimi, shemeji yako Théophile, na Shangazi Honorine, aliyekuja kutoka Nyangwe na kikapu cha samaki wa kukausha, akasema anakaa siku mbili. Samaki wamekwisha, yeye bado yuko. Simwambii arudi. Baba huko Wamaza amevuna karanga, analalamika magoti, kwa hiyo ni mzima. Mdogo wetu Fifi ametuandikia kutoka Kindu kwamba masomo yameanza na chakula cha pale hakina chumvi.

Sasa nije kwenye shida yangu. Uchaguzi umekaribia na kila mgombea wa Kasongo amegundua kwamba ana picha. Nachapa tangu asubuhi mpaka jenereta inazimwa. Mgongo unaniuma. Nilimwendea fundi seremala, akaniambia atanitengenezea kiti kizuri cha msalaba, cha kulalia chini ya mti. Nikamwambia mimi silali, nachapa. Akaniuliza nataka nini basi.

Nataka kiti cha ofisi. Kiwe na mgongo mrefu, kiwe na mikono miwili ya kushikia, kiweze kuegemea nyuma kidogo na kupanda na kushuka. Hapa sokoni kuna vya plastiki tu. Wewe ulituambia kwamba chumba chako cha michezo ya televisheni kina viti vya namna hiyo na kwamba pale Salamabila vinapatikana. Nitafutie kimoja.

Dada yako,
Dieudonnée


Salamabila, 1 Desemba 2023

Dada Dieudonnée, mwenye ofisi,

Barua yako imenikuta mzima, nimeshiba na nimechoka, kama kawaida ya mtu anayeishi kati ya wachimbaji. Mvua huku hainyeshi, inamwagwa. Msalimie Shangazi na umwambie samaki wa Nyangwe nimewasikia harufu kwenye karatasi. Chumba changu cha michezo kinakwenda vizuri sana. Vijana wakitoka mashimoni wanakuja kucheza mpira wa televisheni mpaka wanagombana.

Kiti kimenishangaza. Wewe uliyekaa juu ya tofali ukifanya mtihani wa taifa, leo unataka mikono miwili? Au umenenepa? Sema tu, mimi ni ndugu yako.

Haya, chagua. Kuna viwili.

Cha kwanza ni cha ofisi hasa. Kiliachwa na watu waliofunga ofisi yao hapa wakaondoka. Ni cheusi, mgongo wake ni wa wavu, hewa inapita, hutatoka jasho. Lakini mkono mmoja haupo, na pistoni imechoka: ukikaa unashuka taratibu mpaka magoti yanafika kidevuni.

Cha pili ni cha michezo, kile wanachokalia wacheza televisheni wa Ulaya. Ni chekundu na cheusi, kina masikio mawili juu kama popo, kina mto wa kichwa na mto wa kiuno. Mgongo unalala mpaka unaona dari. Mikono yote ipo na pistoni ni nzima. Shida yake ni moja: mwanamke wa heshima akikikalia, wateja watadhani anaendesha gari la mashindano.

Mimi ningekuambia kile cha wavu, nikutafutie mkono. Kulala huhitaji. Au siku hizi unachapa huku umelala?

Lwamba


Kasongo, 17 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Wote watatu wazima. Baba amekuja kupiga kura yake mapema, akakuta kura ni siku nyingine, amebaki kwetu. Shangazi anamfurahia kwa sababu amepata mtu wa kugombana naye.

Nachagua kile chekundu, chenye masikio. Wateja waseme watakavyo.

Umeuliza kama nimenenepa. Kidogo.

Nakuomba sana kifike kabla ya Februari. Najua barabara, najua mvua, najua utaniuliza Februari kuna nini. Usiniulize. Kilete tu.

Dieudonnée


Salamabila, 9 Januari 2024

Dada,

Heri ya mwaka mpya kwenu watatu, na kwa Baba kama bado anagombana hapo. Sikukuu nililala. Huku watu walikunywa mpaka mbuzi nao wakaonekana wamelewa.

Februari kuna nini?

Kiti kizima Ismaël amekataa kukibeba. Anasema kinakula nafasi ya magunia mawili, na kwamba alipokifunga juu ya pikipiki kujaribu, upepo ulikishika masikio akageuka kuelekea Fizi, kinyume cha njia yake, bila kupenda. Basi nimekifungua. Leo anakuletea mguu: ile nyota ya chuma yenye vidole vitano, pamoja na magurudumu yake. Magurudumu yanaingia kwa kusukumwa, hayana skrubu. Sukuma mpaka usikie "tak".

Vipande vingine vitafuata Ismaël akipata mzigo mwepesi.

Lwamba


Kasongo, 28 Januari 2024

Mdogo wangu Lwamba,

Salamu zetu. Baba ameondoka na magoti yake. Théophile anasahihisha mitihani na kupiga kelele peke yake. Uchaguzi umekwisha, sasa ni vyeti: wazazi wote wa Kasongo wamekumbuka kwa pamoja kwamba watoto wao hawana karatasi za kuzaliwa.

Mguu umefika. Magurudumu yamesema "tak" mara tano. Tangu siku hiyo kitu hicho kiko katikati ya nyumba na kila anayeingia anauliza ni mtego wa nini. Shangazi anaanikia taulo.

Nilimpa Ismaël chai, akaongea, unajua anavyoongea. Nikamwambia amshukuru mwenye duka aliyekuuzia kiti. Akacheka: "Duka gani, mama? Ile kiti ni yake yeye mwenyewe. Ndiyo alikuwa anakaa pale mulangoni, akiangalia batoto benye kucheza. Sasa iko anakaa juu ya bidoni."

Lwamba, kiti hiki ni cha nani? Nilikuomba unitafutie, sikukuomba ukae juu ya bidoni tupu ya mafuta.

Na kama ni chako, mbona kinakuja kwa uvivu hivi? Februari imefika mlangoni.

Dieudonnée


Kasongo, 17 Februari 2024

Lwamba,

Sijapata jibu lako. Ismaël hajaonekana, wanasema mto Luama umefurika. Namtumia mtu mwingine anayepita Wamaza, labda ataifikisha barua hii.

Sekretariati nimeifunga kwa siku chache kwa sababu wino umekwisha. Utaona mwandiko umepinda: naandika nimelala ubavu. Si malaria. Shangazi hatoki chumbani, na Mama Léocadie anakuja asubuhi na jioni. Wewe humjui, ni rafiki tu.

Nakuomba kiti, mdogo wangu. Naogopa. Sina cha kuongeza hapo.

Dada yako


Salamabila, 26 Februari 2024

Dada yangu,

Leo sianzi na habari za mvua. Barua yako iliyopinda imenifikia jana, imelowa, na nimeisoma nimesimama. Wino hauwezi kumlaza mtu ubavu. Lakini umesema nisiulize, na tangu utoto wetu wewe ukisema hivyo kinachofuata ni kofi. Siulizi. Nimeogopa na mimi, hilo nalisema.

Nimemwomba Ismaël aache mzigo wa mtu aliyelipa, abebe wa kwetu. Amekubali. Kila kitu kiko kwenye pikipiki: kiti, mgongo, mikono, pistoni, mito yote miwili. Bulon ziko ndani ya soksi yangu, nimeifunga fundo. Ni zile skrubu nene zisizo na ncha. Ziko nane. Ufunguo wake mdogo uliopinda uko humo humo. Soksi ni safi.

Mpe Théophile barua hii asome polepole, na umwambie asione haya, kiti hiki kimemshinda hata mtu mwenye diploma.

Ianze pistoni. Upande mnene unaingia chini kwenye nyota, mwembamba unatazama juu. Asiipige nyundo, ina hewa ndani, itamrukia. Halafu alaze kiti kifudifudi juu ya kitanda, afunge mikono, bulon mbili kila mmoja. Mkono wenye alama ya kisu ni wa kulia, alama niliiweka mimi. Halafu mgongo, bulon mbili kila upande. Zote azifunge nusu kwanza, azikaze mwishoni, la sivyo matundu hayatakutana na ataanza kutukana. Mwisho aweke kiti juu ya pistoni, na mtu mzito akae kwa nguvu mara moja. Shangazi anafaa.

Wewe usiinue kitu chochote. Kaa utazame.

Lwamba


Kasongo, 12 Machi 2024

Mdogo wangu Lwamba,

Tuko wazima. Wote watatu. Nimeandika hivyo mara nyingi bila kufikiri, leo naandika nikijua ninachosema. Februari imekwisha, nashukuru.

Kiti kimefika, na kimefika na mtu. Ismaël aliona nafasi inapotea, basi akavifunga vile vipande kwa kamba juu ya pikipiki mpaka vikawa kiti kinachotazama nyuma, na kutoka Wamaza akampakia abiria ndani yake. Bwana mmoja anaitwa Yassine, mwuza vitenge. Amekuja mpaka Kasongo ameegemea, mikono yote miwili, anatazama barabara inavyomkimbia. Watu wa njiani walikuwa wanavua kofia, wakidhani ni mkubwa fulani anahamishwa kazi. Alipofika hakutaka kushuka. Shangazi alimshusha.

Théophile alisoma barua yako mara moja tu, haraka, kwa sababu yeye ni mwalimu, kisha akatumbukiza pistoni kichwa chini. Akaketi sakafuni kuitazama. Akasoma mara ya pili. Mikono nayo aliigeuza, wa kulia kushoto, kwa sababu alama ya kisu aliitafuta upande wa juu na wewe uliiweka chini. Alitukana kwa Kifaransa ili Shangazi asielewe. Shangazi alimjibu kwa Kifaransa.

Mimi nilikaa nikatazama kama ulivyosema. Shangazi alikaa kwa nguvu kama ulivyosema. Kiti kililia, kikashika.

Kisha nikakaa mimi. Lwamba, nililia. Mgongo wote ulishikwa, na miguu niliiweka juu ya katoni ya karatasi. Nimefungua sekretariati tena. Wateja wamecheka juma moja, sasa wanaomba kukijaribu. Mimi sitoki.

Tumefunga bulon saba. Ile ya nyuma kwenye mkono wa kushoto hatukuifunga.

Dieudonnée


Salamabila, 27 Machi 2024

Dada Dieudonnée,

Salamu kwenu watatu. Nimemcheka yule Yassine mpaka jirani amekuja kuona kama nina homa.

Lakini habari gani hii ya bulon saba? Nilihesabu nane mwenyewe. Kama moja imepotea, ni Ismaël alifungua soksi yangu njiani. Ananiapia kwa Mungu kwamba hakuigusa, na kwamba hata kwa dhahabu asingeigusa. Nimekutafutia nyingine, iko ndani ya bahasha hii, nimeizungushia plastiki. Ni ya pikipiki lakini uzi wake ni ule ule, nimeijaribu.

Funga mara moja. Mkono unaotikisika ndio huo huo mtu anaoushika akiinuka. Utaanguka, na utaniambia kiti cha Lwamba kibaya.

Halafu, nani anashukuru kwa sababu Februari imekwisha?

Lwamba


Kasongo, 8 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mahindi ya Baba yameanza kukomaa. Fifi atakuja likizo. Shangazi ametuma watu Nyangwe wamletee sufuria yake kubwa, basi tumeelewa kwamba safari yake imeahirishwa tena.

Bulon yako imefika, asante. Ile ya kwanza haikupotea, mwache Ismaël. Zote mbili ziko kwenye glasi juu ya kabati. Naziona kila ninapochapa.

Tuliiacha tu. Théophile alikuwa ameshika ufunguo, amebakiza hiyo moja, Shangazi akamwambia: "Hiyo ya mwisho, muiache." Théophile akauliza kwa nini. Yeye si wa kwetu, unajua, anataka sababu. Shangazi akasema: "Nimesema muiache. Kazi haina kukimbia." Nami nikamwambia mume wangu aweke ufunguo chini.

Mkono hautikisiki sana. Ninapoinuka nashika wa kulia.

Wewe bado hujanijibu habari ya bidoni.

Dieudonnée


Salamabila, 19 Aprili 2024

Dada,

Salamu. Sina habari, nina hasira. Umri wako huo, na akili yako hiyo, unaacha bulon kwenye glasi kama meno ya bandia! Nakutumia nyingine ya tatu, hii ni ndefu zaidi, labda zile mbili ni fupi na unaona aibu kuniambia. Shangazi anajua samaki, hajui viti. Kitu hakimaliziki kwa maneno, mtu anachukua ufunguo anakaza, basi. Nani amewahi kuona mtu anajenga kitu, amebakiza kidole kimoja amalize, halafu

Niliiacha kalamu hapo juu, nikatoka kwenda kula. Sikula. Nimerudi.

Dada, nimekumbuka mlango wa jiko la Mama.

Unakumbuka? Baba aliutengeneza mwenyewe pale Wamaza, mbao nzuri. Ukabaki msumari mmoja tu wa bawaba ya juu. Bibi akaja akamshika Baba mkono wenye nyundo, akamwambia huo uache. Ukakaa hivyo masika nzima, umeinama kama mlevi, na kila mbuzi wa kijiji aliingia kula mihogo yetu. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kuwafukuza. Nililia kwa Mama nikimwomba apigilie msumari. Akanijibu: "Hatumalizi nyumba kama mutu hajafika." Nikadhani anasema mgeni. Nikawa nachungulia barabarani.

Halafu siku moja nikarudi kutoka shule, mlango umesimama wima, na ndani ya nyumba kuna Fifi.

Nimeketi hapa na barua zako zote. Februari. Ubavu. Huyo Mama Léocadie ambaye ni rafiki tu. Mimi mjinga nakuletea bulon. Ya pili umeshaipata! Hii ya tatu ilikuwa tayari mezani.

Usiifunge. Umenisikia? Mtu asiiguse. Mwambie Théophile afiche ufunguo, anaweza kuona kitu kimelegea akasahau, walimu wanapenda kusahihisha. Sisemi kitu kingine, wala sitaandika neno lenyewe. Shika mkono wa kulia.

Na kwa kuwa mimi nimejua la kwako, wewe jua la kwangu. Chumba cha michezo nilikifunga tangu Agosti. Jenereta ilikufa, televisheni mbili zikaenda na mvua, nikawa naona haya kusema kwa sababu Baba aliwaambia watu wote wa Wamaza kwamba mwanawe ana sinema. Siku hizi natengeneza simu kando ya barabara, na sifanyi vibaya, watu wa machimbo wanazisikilizia muziki na kuziangusha kila siku. Kile kiti nilikuwa nimekiweka nyuma ya nyumba, nimekifunika turubai, maana kilikuwa kinanikumbusha. Ulipoandika unataka kiti, nilifurahi. Nikasema angalau kipate mtu wa kukalia.

Kama ningejua ni nani, ningekibeba mgongoni.

Mdogo wako,
Lwamba


Kasongo, 24 Mei 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwetu sote wanne.

Mahindi ya Baba yamevunwa. Amekuja nayo gunia zima, na magoti yake hayamuumi tena, sijui yamepona lini. Fifi amefika kutoka Kindu na amekonda. Ismaël amepita jana, akasimama mlangoni amevua viatu, hakutaka hata chai. Habari ya chumba chako nimemwambia Baba mwenyewe. Akasema: "Simu ni kazi. Sinema iko kelele tu." Usiogope kuja nyumbani.

Kwenye kiti nimekaa mpaka siku ya mwisho kabisa. Nilikuwa nachapa cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu, nimefika kwenye jina la mama yake, nikaona siwezi kuendelea. Nilimwomba mteja msamaha. Nikashika mkono wa kulia, nikainuka.

Ni msichana. Ana sauti ya Shangazi. Mama Léocadie amemgeuza huku na huku, amemtazama kila mahali, akasema hana la kusahihisha. Nimemshika, nikawa nawaza wale wawili wengine, na nikafurahi na nikalia kwa pamoja. Siwezi kukuandikia vizuri zaidi ya hivyo.

Shangazi alipokwisha kunawa mikono, hakukaa. Alikwenda kabatini, akachukua glasi, akamwita Théophile alete ufunguo. Théophile alipoinama kufunga, akampokonya. Amepiga magoti chini mwenyewe, bibi wa watu, na kanga yake ya sikukuu, ameikaza bulon ya nane mpaka ufunguo umejisokota na sasa hautatumika tena. Kwenye glasi imebaki ile yako moja. Théophile alianza kusema huenda siku moja tukaihitaji, Shangazi akamwambia afunge mdomo.

Njoo umtazame mpwa wako. Kiti utakikuta kimemalizika.

Dada yako,
Dieudonnée